Kanuni ya Paskalina

Kabla Paskalina Yohana hajapoteza sauti, sisi wa mfereji wa juu hapa Baray hatukuhitaji saa. Akisimama kwenye majaruba yake ya vitunguu asubuhi na kuwaita vibarua, waliitika wa kwake na wa mashamba matatu mbele. Mwanamke mfupi, mwembamba, ungemkuta amekaa usingemdhania. Lakini alikulia Mbulu milimani, nyumba ambayo jirani wa karibu yuko ng'ambo ya bonde, na mtoto akitumwa kuomba chumvi hakimbii kwanza. Anapaza sauti aulize kama chumvi yenyewe ipo. Sauti hiyo aliteremka nayo alipoolewa na Lucas, akaja nayo kwenye joto letu hili la Eyasi, ambako nusu ya kazi ya mkulima ni kugombania maji.

Naomba nianze na habari ya maji, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mtu mzima, mama wa watu, aliingia akakaa ndani ya mfereji na nguo zake zote.

Mfereji ni mmoja, mashamba ni arobaini na kitu. Kila Jumatatu saa moja asubuhi tunakutana kwenye banio, pale maji yanapogawanywa, na Mzee Thomasi, katibu wa mfereji, anafungua daftari la zamu. Thomasi ni mtu wa Singida, alikuja huku kufanya kibarua akiwa kijana, akabaki. Macho yamemchoka. Daftari analisogeza karibu na pua, na akishaanza kusoma hainui uso tena. Anaita jina mara tatu. Ukiitika "Nipo", anakuuliza siku na saa, anaandika, umepata maji. Akifika mara ya tatu hujaitika, anapiga mstari, mkutane Jumatatu nyingine. Na kitunguu kwa jua la huku, wiki moja kinakuvumilia. Ya pili kinaanza kukauka ncha. Ya tatu usiniulize.

Zamani watu walikuwa wanaitikiana. Huyu amelala, yule anamwitikia. Bingwa wao alikuwa Adrian. Adrian ana shamba zuri, ana maneno matamu, na ana mapenzi makubwa na mnada wa Karatu. Mnada ukiangukia Jumapili, Jumatatu asubuhi bado yuko huko huko. Basi anampigia simu rafiki yake aliyepo banioni, simu inawekwa spika, inainuliwa juu. Thomasi akiita, "Adrian!" simu inajibu, "Nipo, mzee wangu, nipo kabisa!" na nyuma yake muziki unalia na mtu anaagiza supu ya mbuzi. Thomasi hainui uso. Anaandika.

Siku moja Paskalina akachoka.

"Mzee Thomasi," alisema, na kunguru wakaondoka juu ya mti, "huyo yupo wapi? Hapa banioni kuna anayeuza supu?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Maji hayagawiwi kwa simu. Anayetaka maji alete miguu yake na mdomo wake. Mimi nimetoka nyumbani giza halijaisha, mtoto mgongoni, yeye anachokonoa meno Karatu, halafu tunaandikwa sawa?"

Alisema robo saa nzima na hakuna aliyemkatiza. Alipokaa, kanuni ilikuwa imeshapita. Thomasi aliiandika juu ya jalada la daftari kwa kalamu nyekundu: Kila mwenye shamba aitike kwa mdomo wake mwenyewe. Kuitikiwa marufuku. Simu marufuku. Mkono hauhesabiwi. Hiyo ya mkono aliiongeza mwenyewe, maana kumwambia mtu mwenye macho yale ahesabu mikono ni kumwonea. Adrian aliporudi na kuelezwa, alianza kumwita Paskalina "Mama Kanuni". Alidhani anamtukana. Paskalina aliitika kwa fahari.

Hiyo ni miaka sita iliyopita.

Sasa, Paskalina alikuwa na rovu. Uvimbe ule wa shingo alikuwa nao tangu usichana, na kwao wanawake wengi wanao, hawauhesabu kama ugonjwa. Mwaka jana ukaanza kumkaba akilala. Hospitali walimweleza wazi kabla ya kumpasua: umeshikana na mishipa inayoendesha sauti, tukiutoa huenda na sauti ikaondoka nao. Alifikiri siku mbili, akasaini. Alirudi na shingo nyembamba kama ya msichana, na akifungua mdomo inatoka hewa tu, kama pampu ya baiskeli iliyokwisha mpira.

Huko hospitali kulikuwa na dada mmoja, Ritha, ambaye kazi yake ni watu waliopoteza usemi. Ritha alichukua ile simu ya kupangusa ambayo Lucas alimnunulia mkewe, akaiwekea programu: unaandika maneno, simu inayasema. Akamtengenezea na vitufe vya maneno ya kila siku, ukigusa mara moja yanatoka. Nipo. Asante. Naumwa. Sitaki.

"Hii ndiyo sauti yako mpya, mama," Ritha alimwambia. "Usikate tamaa. Utaizoea."

Paskalina akaandika maneno yake ya kwanza kwa kidole kimoja, dakika nzima. Simu ikasema, "Huyu ni nani?"

Maana sauti yenyewe ilikuwa ya msichana. Msichana laini, aliyesoma, anayetamka kila neno kama anasoma taarifa ya habari, hajawahi kushika jembe, hajawahi kugombana na mtu. Tangu siku hiyo msichana huyo ndiye aliyekuwa anasema kwa niaba ya Paskalina. Na hakumwelewa hata kidogo.

Lucas ni mpishi kwenye kambi ya watalii kule Engaresero. Anakaa huko wiki kadhaa, anarudi nyumbani siku chache. Safari moja alirudi, akaacha zizi wazi, mbuzi wakaingia kwenye kitalu cha miche. Paskalina wa zamani angelimaliza jambo hilo kwa pumzi moja, na mtaa mzima ungejua. Paskalina wa sasa alikaa kitandani akaandika. Akafuta. Akaandika tena. Lucas alikuwa ameshatoa mbuzi, ameshafunga zizi, ameshanawa, ameshakaa kwenye chai, ndipo simu ikamwambia kwa nyuma, taratibu, kwa ukarimu wa mapokezi ya hoteli: "Baba Janeth, wewe ni mtu mzima, lakini akili umeiacha Engaresero."

Lucas akacheka. Hakukusudia, chai ilimtoka puani.

"Samahani, mke wangu. Samahani. Lakini imenitukana vizuri mno."

Paskalina akaandika upya, akaweka alama za mshangao tano. Sauti ikawa ile ile. Akaitupa simu, ingawa hata kwenye hasira yake alichagua kuitupia kwenye godoro.

Na kwa mama yake ilikuwa mbaya zaidi. Bibi Katarina yuko Mbulu, anajua Kiiraqw tu, na msichana wa kwenye simu Kiiraqw hakijui. Paskalina alijaribu kukiandika hivyo hivyo. Kikasomwa kama mtu anatafuna changarawe. Bibi akadhani ni wale watu wa kampuni ya simu wanaotangaza vifurushi, akakata. Wakaishia hivi: Paskalina anapiga, mama anapokea, Paskalina anagonga kioo kwa ukucha mara tatu, mama anajua ni yeye, anaanza kusimulia. Anasimulia mpaka salio linakwisha. Paskalina anasikiliza tu. Yeye ambaye zamani walikuwa wanasema wote wawili kwa pamoja.

Haya yote aliyavumilia. Lililomshinda ni la Jumatatu.

Jumatatu ya kwanza baada ya kupona alifika banioni mapema kama kawaida yake. Njiani alikuta mfereji umetoboka, akaziba kwa udongo, maana hawezi kupita maji yanayopotea akaangalia pembeni. Thomasi akafungua daftari.

"Paskalina Yohana!"

Simu alikuwa nayo mkononi. Kioo kilikuwa kimejizima chenyewe. Akakigusa. Kidole kilikuwa na tope, na simu hizi tope hazilielewi.

"Paskalina Yohana!"

Akapangusa kidole kwenye kitenge. Kitenge nacho kilikuwa na tope.

"Paskalina Yohana, mara ya tatu!"

"Yupo, mzee, yupo hapa!" akapaza Sabina, jirani yake wa shamba.

"Kuitikiwa marufuku," akasema Thomasi kwenye daftari.

Paskalina akainua mkono, akaupunga mpaka bega likauma.

"Anapunga mkono!" akasema Sabina.

"Mkono hauna jina." Akapiga mstari. "Simoni Sakaya!"

"Nipo," ikasema simu ya Paskalina.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Simoni mwenyewe, mwanamume wa futi sita, akashindwa kuitika kwa kicheko. Thomasi akauliza ni binti gani huyo, akaambiwa ni simu ya Mama Janeth. Akageuza daftari, akasoma jalada kwa sauti, neno kwa neno, mpaka "Simu marufuku."

"Mama Kanuni!" Adrian akaita kutoka nyuma. "Leo umeumwa na mbwa wako mwenyewe!"

Thomasi si mtu mbaya. Kikao kilipokwisha alimfuata, akainama mbele ya uso wake, akapayuka, "POLE SANA, MAMA! TUNAKUOMBEA! UMENISIKIA?" Paskalina masikio yake ni mazima. Alitafuta kitufe cha kumjibu hivyo, hakikuwepo. Akagusa "Asante."

Wiki hiyo majaruba yake yalipasuka nyufa.

Jumatatu ya pili alijipanga. Lucas alikuwa amekuja likizo ya siku kumi na nne, akaja na spika ndogo iliyosahauliwa na wageni kambini. Paskalina aliivaa shingoni kwa kamba, akanawa mikono kwa sabuni, akatembea njia nzima hajagusa kitu. Thomasi alipoita mara ya kwanza tu, spika ikalipuka: "NIPO." Mbwa wakabweka.

Safari hii hakuna aliyeweza kusema hakusikia. Majina mengine yalipokwisha kuitwa kukawa na mjadala, na hapo ndipo nilipoona shida yenyewe. Sisi tulikuwa tunasema kwa midomo, yeye anasema kwa kidole.

"Tukiruhusu hii, kesho Adrian ataleta redio," akasema mmoja.

"Mimi nina redio kubwa kuliko hiyo," akasema Adrian.

"Na tutajuaje kama ni yeye?" akauliza Simoni. "Sauti ya Paskalina tunaijua. Hiyo siyo."

Paskalina alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika. Jua linapiga kioo, anakikinga kwa kiganja, anaandika. Sisi tukaendelea.

"Tumpe kengele," akasema Thomasi. "Akiitwa apige kengele. Kengele si simu, si mkono."

"Ile ya beberu wangu ninayo nyumbani," akasema mtu, watu wakacheka tena, lakini wazo likapendwa. Tulipokuwa tunainua mikono kupitisha kengele, spika ikajibu swali la Simoni ambalo sisi tulishalisahau: "Sauti imebaki hospitali. Maneno ni yangu."

"Tumeshatoka hapo, mama," akasema Thomasi kwa upole. "Sasa tuko kwenye kengele. Wiki ijayo uje nayo."

Paskalina akaanza kuandika tena. Lakini majina yalikuwa yamekwisha, na Jumatatu kila mtu ana haraka. Tukatawanyika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaweka jembe begani, hatua ishirini mbele, niliposikia kwa mbali msichana yule mwenye adabu akisema, "Kengele mfungieni mbuzi." Nilisikia neno mbuzi tu. Nikadhani ni habari za mbuzi, nikaenda zangu.

Mstari wa pili. Na kwetu mistari mitatu mfululizo ina maana yake: zamu yako ya msimu anapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Nyumbani Lucas alizunguka majaruba yote, akaokota jani moja la kitunguu, ncha imekuwa ya njano, akalivunja. Akaja nalo.

"Tubadilishe jina," akasema. "Waandike Lucas. Nitaomba kambini Jumatatu ziwe siku zangu. Nitaitika mimi, yatakwisha."

Lilikuwa neno la busara, na alilisema kwa mapenzi. Lakini shamba lile Paskalina alilifyeka mwenyewe, miti ya miiba, Lucas akiwa Engaresero. Jina lake liko kwenye daftari miaka kumi na minne. Aliandika muda mrefu. Lucas alisubiri, akiwa amesimama na jani lake. Paskalina akafuta yote, akaandika upya.

"Hapana," ikasema simu.

"Mke wangu, vitunguu havisomi daftari."

Akaandika tena.

"Ukiandikwa wewe, mimi nitakuwa sipo."

Lucas alikaa chini. Hawakulisema tena jambo hilo, lakini lilibaki pale kama mgeni asiyeaga: Jumatatu ya tatu, ama aitike asikike, ama jina litoke.

Jumapili baada ya ibada Paskalina alifanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mapema, na hadi leo anajilaumu. Aliandika hotuba. Alitumia mchana mzima, akaihifadhi kwenye kitufe kimoja, ili asiandike huku watu wanamkimbia. Akakata kipande cha kitambaa kikavu, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, cha kufutia kidole. Kila kitu alikipanga. Spika tu ndiyo iliyomwangusha. Siku ile kulikuwa na mawingu, sola haikujaza, ikafa njiani.

Na Jumatatu ile upepo wa ziwani uliamka kabla yetu.

"Paskalina Yohana!"

Aligusa pale pale. Simu ikasema. Upepo ukaichukua sauti kabla haijafika popote. Thomasi akaita mara ya pili. Akagusa, akaiinua simu juu. Mara ya tatu akamfuata kabisa, akamwekea simu sikioni, na Thomasi akaisukuma kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Simu marufuku, mama. Usinitie majaribuni."

Akapiga mstari. Wa tatu. Niliusikia ule mkwaruzo wa kalamu, au labda nafikiri niliusikia.

Jina lililofuata kupata maji, tena ya saa ile ile, lilikuwa la Adrian. Adrian akaenda kwenye lango lake, akaondoa viroba vya udongo kimoja kimoja, maji yakaanza kuingia.

Paskalina alivua kandambili. Akazipanga vizuri pembeni, moja na mwenzake. Akaingia kwenye mfereji, akatembea mpaka kwenye lango la Adrian, akageuka, akakaa. Lango lile upana wake ni wa mtu mmoja. Alilijaza. Maji yakagota mgongoni kwake, yakapanda kiunoni, yakapanda kifuani, yakaanza kumwagika kwenye njia ya ng'ombe. Simu alikuwa ameiinua juu ya kichwa.

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika zote.

"Mama Janeth, toka, nakuheshimu!" Hiyo ya Adrian.

"Mtoeni!"

"Nani amshike mke wa mtu? Mshike wewe!"

"Lucas! Mwambie mkeo atoke!"

Lucas alikuwa amesimama ukingoni, mikono nyuma. "Mwambieni wenyewe," akasema. "Masikio anayo."

Paskalina akagusa kitufe. Tuliona kioo kikiwaka, hatukusikia kitu, kila mtu anapiga kelele. Hakugusa tena. Akatutazama tu, mmoja mmoja, huku anatetemeka kwa baridi, maji yakipotea. Na ningependa kusema tulinyamaza kwa huruma. Hapana. Sabina ndiye aliyepiga ukelele: "Nyamazeni basi asikike, maji yanaisha!" Tukanyamaza kwa ajili ya maji.

Akagusa kitufe. Msichana akasema, kwa adabu ile ile:

"Kanuni hii niliitaka mimi. Niliitaka kwa sababu Adrian alikuwa Karatu kwenye supu na jina lake likaandikwa hapa. Mimi siko Karatu. Nafika hapa kabla ya wengi wenu. Sauti hii si yangu. Siipendi. Inaniudhi kuliko inavyowaudhi ninyi. Lakini sina nyingine. Sitaki kengele. Sitaki mume wangu aandikwe. Nataka nikiitwa, mnisubiri."

Ilichukua muda mfupi sana. Nilishangaa. Jumatatu tatu za kelele, na jambo lenyewe lilikuwa fupi hivyo.

Adrian ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote, kiroba bado mkononi. Alikuna kichwa.

"Mzee Thomasi," akasema, "mimi nilidanganya kwa simu, sikatai. Nakijua kitu cha uongo. Hiki sicho. Mwongo gani anajilowesha namna hii?" Halafu akaona ameshusha heshima yake mno, akaongeza, "Na ile supu sikuagiza mimi. Ilikuwa meza ya jirani."

"Uliila lakini," akasema Sabina.

Thomasi alikuwa amefunga daftari. Alikuja mpaka ukingoni, akainama, akakaza macho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumtazama mtu usoni kikao kikiwa hakijaisha.

"Mama, kanuni ni kanuni. Nikikusubiri wewe, kesho nitamsubiri nani? Na macho yangu haya, nitajuaje kama unaandika au umelala?"

Paskalina alitoa kile kitambaa kikavu kwenye mfuko wa nailoni, akafuta kidole. Akaanza kuandika. Herufi moja. Herufi nyingine. Maji yalikuwa yanamwagika njiani, mtu akaguna, Sabina akamkodolea macho. Hatukuwa na la kufanya ila kusimama. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilihesabu viroba vya Adrian mara mbili.

"Macho yako nimeyasubiri miaka kumi na minne," ikasema simu. "Na wewe subiri kidole changu."

Kamati ilikaa pembeni saa nzima na kubishana. Kanuni hawakuifuta. Simu bado marufuku, mkono bado hauhesabiwi. Ila chini ya maandishi mekundu Thomasi aliongeza mstari mmoja: Paskalina Yohana asubiriwe. Ule mstari wa tatu wa daftari akaufuta kwa kuuwekea msalaba, na akampa maji ya Jumatano, saa nne.

Jumatano ilikuwa mbali kwa baadhi ya vitunguu. Majaruba ya juu yaliinuka. Matano ya chini yalikuwa yameshalala, majani yamekauka kama nyasi za kiangazi, akayang'oa mwenyewe akawapa mbuzi. Lucas, kabla ya kurudi Engaresero, alimshika bega. "Umeshinda, Mama Janeth."

"Nimelowa," ikamjibu simu.

Maana hakufurahi, na mimi simlaumu. Wengine wote wanaishi chini ya kanuni; yeye peke yake ameandikwa jina juu ya jalada, kama mgonjwa. Na ilimbidi akae kwenye maji ili apewe kile ambacho sisi tunapewa kwa kufungua mdomo. Msichana wa kwenye simu bado hajui kukasirika. Bibi Katarina bado anagongewa ukucha.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mahali ambapo ningeona vizuri. Thomasi akaita majina, uso ndani ya daftari, mpaka akafika kwake.

"Paskalina Yohana!"

Simu ilikuwa imejizima. Tukamwona akifungua mfuko wa nailoni, akatoa kitambaa, akafuta kidole. Mtu akakohoa. Kalamu ya Thomasi ilikuwa imeshakaa juu ya karatasi, imezoea kupiga mstari. Ikainuliwa. Thomasi akanyanyua uso.

"Subiri, mzee," akanong'ona Adrian, ingawa Thomasi alikuwa anasubiri.

"Nipo," akasema msichana, kwa furaha yake ya kila siku, ambayo haikuwa usoni kwa Paskalina hata kidogo.

"Haya, mama. Siku gani, na saa ngapi?"

Paskalina akamtazama. Akaangalia kioo. Kwa hayo hakuwa na kitufe. Akageuzia mgongo jua, akainamisha kichwa, akaanza kuandika, herufi moja, na nyingine. Watu arobaini tukashusha pumzi pamoja. Thomasi akatazama huku na huku, akavuta jiwe kwa mguu, akakaa.